Bastola za ishara za zamani na maganda yake: mwongozo kamili kwa mkusanyaji wa Tanga

Ukishajulikana hapa Tanga kwamba unapenda vitu vya vita vya zamani, hutakaa sana kabla watu hawajaanza kukuletea. Leo kifungo cha koti la askari, kesho sarafu ya heller ya Mjerumani iliyotobolewa ikavaliwa shingoni, keshokutwa mtu anafunua kitambaa na ndani mna kitu cha brasi chenye mpini wa mbao na mtutu mfupi mnene unaoweza kuingiza kidole gumba bila kugusa kando. Aliyekileta ataapa kuwa ni bunduki ya nahodha wa meli. Mara nyingi ni bastola ya ishara: chombo cha kurusha fataki ya rangi angani ili mtu aliye mbali aone na aelewe.

Mimi navipenda vitu hivi kuliko silaha nyingine yoyote ya vita, kwa sababu havikutengenezwa kwa ajili ya kuua. Kazi yao ilikuwa kusema: tumefika, tusaidieni, acheni kupiga, ndege hii ni yenu. Lakini ni vitu vinavyotaka mpangilio, na mpangilio wenyewe ni kinyume cha wanavyoanza wengi. Watu hukimbilia bastola. Mkusanyiko wa maana huanza na karatasi za sheria, ukafuata maganda matupu, na bastola ikaja mwisho, kama itakuja.

Fahamu kwanza ni kitu gani

Jina kubwa katika historia hii ni Edward Very, afisa wa jeshi la majini la Marekani, ambaye katika miaka ya 1870 alitengeneza mfumo wa kuwasiliana usiku kwa nyota za rangi zilizorushwa kutoka kwenye bastola. Ndiyo maana hadi leo wanajeshi na mabaharia wengi huziita bastola za Very, hata zile ambazo hazina uhusiano wowote naye.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozieneza. Kwenye mahandaki simu za waya zilikatwa na makombora kila mara, kwa hiyo askari wa mstari wa mbele alirusha rangi waliyokubaliana na mizinga ya nyuma yake ikajua la kufanya. Vita ya Pili ikazipeleka kwenye ndege: rubani aliyekuwa akirudi nyumbani alirusha rangi za siku hiyo ili wenzake wa chini wasimtungue. Kiwanjani nako, ndege iliyopoteza redio iliruhusiwa kutua au kuzuiwa kwa fataki.

Rangi ni kemia ya kawaida. Nyekundu hutoka kwenye chumvi za strontiamu, kijani kwenye bariamu, njano kwenye sodiamu, na mwanga mweupe mkali kwenye magnesiamu. Shika hilo la magnesiamu, tutalirudia tukifika kwenye hatari.

Sheria kabla ya pesa

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usikae barazani na wenzako mkabishana kama bastola ya ishara ni silaha au si silaha. Ina mtutu, ina nyundo, ina kifyatulio, inapokea risasi yenye baruti. Ichukulie ni silaha mpaka polisi wakuambie vinginevyo, na wakuambie kwa maandishi.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako, mweleze unachotaka kukusanya, upate barua ya utambulisho. Ukiwa na barua hiyo nenda kituo kikuu cha polisi cha wilaya. Kwa mtu wa mjini Tanga hapo ni Chumbageni. Omba kuonana na ofisa anayeshughulikia silaha za kiraia. Peleka picha na maelezo, usipeleke kitu chenyewe. Mtu anayeingia kituoni na bastola ndani ya mfuko wa rambo anajitafutia balaa hata kama nia yake ni njema. Uliza mambo matatu: kama kitu cha aina hii kinahitaji leseni, kama kinaweza kumilikiwa kikiwa kimelemazwa na fundi aliyeidhinishwa, na nani anatoa hati ya kuthibitisha kwamba kimelemazwa. Majibu yaandikwe na yagongwe mhuri.

Kitu kikiwa tayari kimo ndani ya nyumba, labda cha marehemu babu, usikibebe barabarani. Piga simu au tuma mtu kituoni, waje wakitazame pale pale. Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na kipindi hicho kikiwapo kitumie.

Kuagiza kutoka nje ni mlango mwingine kabisa. Risasi zenye baruti, hata kuukuu, haziruhusiwi kwenye posta ya kimataifa, na muuzaji wa mtandaoni anayekuambia ataandika “vipuri vya baiskeli” kwenye kifurushi anakuuzia kesi ya jinai.

Anza na maganda matupu

Ganda la fataki lililokwisha kupigwa ni kitu kidogo chenye habari nyingi. Bei yake ni ndogo, halichukui nafasi, na likiwa tupu kweli halina madhara. Hata hivyo litaje kwa polisi ulipokwenda kuuliza, ili lisije likazua maswali baadaye.

Weka moja mezani karibu na dirisha. Anza na mwili wake: ni brasi tupu, ni alminiamu, ni chuma, au ni karatasi ngumu iliyovishwa kitako cha brasi kama risasi za shotgun? Karatasi huwa imepakwa nta au vanishi kuzuia maji, na mara nyingi imebaki na maandishi ya wino. Alminiamu hukuelekeza zaidi kwa Mjerumani wa Vita ya Pili.

Pindua uone kitako. Katikati pana kidoa cha duara, kiwashio, ndicho kinachogongwa na pini ya bastola. Kukizunguka utakuta herufi za kiwanda, mwaka, pengine namba ya kundi la utengenezaji. Mkwaruzo wa wino wa rangi kwenye kitako nao ni habari: ulionyesha rangi ya nyota iliyokuwa ndani.

Sasa pitisha ukucha kwenye ukingo wa kitako. Kwenye baadhi ya maganda ukingo ni laini mzunguko mzima. Mengine yana meno madogo pande zote. Mengine yana meno nusu tu na nusu ni laini. Hayo hayakuwekwa kwa urembo. Askari aliyelala kwenye tope usiku wa manane, bila tochi, alitakiwa aijue rangi ya fataki kwa kidole kabla hajaipakia, kwa kuwa kurusha kijani mahali pa nyekundu kungeleta mizinga ya wenzake juu ya kichwa chake. Ukiwa na maganda matatu ya nchi moja yenye kingo tatu tofauti, una mkusanyiko tayari, na unaweza kumweleza mtoto wa darasa la nne akaelewa vita kwa namna ambayo picha ya jenerali haitamweleza.

Pima kwa venia, kile chombo cha kupimia chenye taya mbili. Usikadirie kwa rula. Inchi moja ya Mwingereza kwa jina ni milimita 25.4, kipimo cha Mjerumani ni kama milimita 26.65. Tofauti ni ndogo, jicho halitaiona. Warusi na nchi za Ulaya Mashariki walitumia kipimo cha milimita 26 kinachokaribiana na cha Mjerumani. Mwingereza alikuwa pia na inchi moja na nusu, na Mmarekani wa Vita ya Pili alikuwa na milimita 37. Kipimo peke yake kinakupunguzia nusu ya utafutaji.

Ganda ambalo si tupu

Hapa naomba usome polepole.

Ganda tupu unaona ndani yake mpaka chini, na mdomo wake uko wazi. Likiwa limezibwa juu kwa karatasi, kizibo cha kadibodi, nta au kifuniko cha bati, halijapigwa. Wauzaji watakuonyesha shimo kwenye kiwashio na kusema, “Anko, hii ishapigwa, tazama alama.” Alama hiyo inathibitisha jambo moja tu: pini iligonga. Haithibitishi kwamba fataki ililipuka. Risasi iliyogongwa ikakataa kuwaka na mdomo wake bado umezibwa ni hatari kuliko ile ambayo haijaguswa, kwa maana kiwashio kimeshapondwa.

Umri hauifanyi ipoe. Magnesiamu ikikutana na unyevu hujibu taratibu na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Baadhi ya michanganyiko ya rangi ya zamani hugeuka kuwa myepesi zaidi kulipuka kadiri miaka inavyopita, na viwashio vya zamani vyenye zebaki havitabiriki. Ongeza joto la Februari chini ya bati na miaka ya hewa ya bahari, utaona kwa nini sitaki hata kuisikia ndani ya nyumba yenye watoto.

Kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Katika Vita ya Pili Wajerumani walitengeneza mabomu madogo ya kurushwa kwa bastola hizi hizi. Kwa hiyo kitu chenye kipenyo cha fataki si lazima kiwe fataki. Kichwa cha chuma kilichochongoka au chenye umbo la yai juu ya ganda la kipimo hicho ni bomu.

Ukikutana na lolote kati ya hayo: usilitikise, usilifungue, usilikwangue kutu uone maandishi, usiliweke juani “likauke”. Liache lilipo, ondoa watu, piga 112. Hakuna ganda duniani lenye thamani ya vidole vya mkono mmoja. Na asikudanganye fundi yeyote wa gereji kuwa anajua kulitoa baruti.

Kuitambua bastola

Ukifika hapa una kibali, au unatazama bastola ya mtu mwenye kibali, au iliyo kwenye kabati la makumbusho. Kabla ya lolote mwenye nayo aifungue, muone mtutu uko wazi pande zote mbili. Kisha soma.

Ya Waingereza wa Vita ya Kwanza utaifahamu kwa brasi yake na vibao vya mbao mpinini. Iliyozoeleka ni ya Webley & Scott, namba 1, ya inchi moja. Tafuta mshale mpana uliopigwa kwenye chuma. Huo ndio muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Nyingi zina mwaka, na 1918 ndio utakaoukuta zaidi.

Ya Wajerumani wa enzi hiyo ni Hebel ya mfano wa 1894: ya chuma, mtutu mrefu, nzito mkononi. Baada yake kuna Walther, nayo ni somo la pekee. Za mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa za chuma. Kuanzia 1934 zikawa za aloi nyepesi ya alminiamu. Vita vilipopamba moto alminiamu ikahitajika kwenye ndege, wakarudia chuma na kutumia zinki. Yaani kwa kuishika tu na kusikia uzito wake unaweza kukisia hali ya ghala la Ujerumani mwaka ilipotengenezwa. Viwanda vilifichwa nyuma ya herufi ndogo: “ac” ni Walther, “ayf” ni Erma wa mjini Erfurt, na karibu yake kuna tai mdogo na alama ya WaA, yaani idara ya silaha ya jeshi la Ujerumani, yenye tarakimu za mkaguzi. Ukiona herufi Z kubwa ubavuni na michirizi ndani ya mtutu, hiyo ni bastola ya kurushia mabomu. Usiiguse, na usiihesabu kwenye fani hii.

Mmarekani ana M8 ya milimita 37, iliyokusudiwa kufungwa kwenye tundu la ndege. Kati ya waliozitengeneza ni kampuni ya Eureka, watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi majumbani. Mrusi ana ile ya Shpagin ya miaka ya 1940, kazi ya mtu yule yule aliyebuni bunduki ya PPSh-41, na ilinakiliwa sana Ulaya Mashariki baada ya vita.

Bandia zipo nyingi, hasa za brasi, zinazouzwa kama mapambo ya sebule. Angalia herufi: za kweli zimepigwa kwa muhuri, kingo zake ni kali, za bandia zimemiminwa pamoja na mwili, zimevimba na kufifia. Angalia kama kuna mstari wa kalibu unaopita katikati ya mpini. Halafu tazama skrubu. Skrubu za nyota ziliingia sokoni miaka ya 1930. Bastola inayodai kuwa ya 1918 ikiwa imefungwa kwa skrubu za nyota, kwa uchache kabisa imeshachezewa.

Hadithi ya muuzaji uipime

Kwa Tanga kila kitu cha vita hupewa vita moja: ile ya Novemba 1914. Na haki yao. Jenerali Aitken wa Uingereza alileta kikosi cha askari kama 8,000 kutoka India, wakashuka Raskazone, rasi iliyo kando ya mji, wakakutana na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lililokuwa dogo kuliko lao mara nyingi, na kufikia tarehe 5 walikuwa wamerudi melini wakiacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Nyuki waliowauma askari katikati ya mapigano nao wakapata sehemu yao katika simulizi. Mji wenyewe Waingereza waliutwaa Julai 1916.

Basi mtu akikuonyesha Webley yenye mwaka 1918 akasema babu yake aliiokota Raskazone siku ya nyuki, tarehe imeshajibu. Haina maana kwamba mzee alidanganya. Huenda iliingia na utawala wa Mwingereza baadaye, huenda ilitoka melini, huenda ilirudi na askari wa King’s African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, aliyepigana Ethiopia, Madagaska au Burma. Hizo nazo ni hadithi za kweli za watu wa Tanganyika, na kwangu hazipungui uzito kwa kukosa nyuki. Kinachokatazwa ni kuiandika 1914 kwenye kadi ya maelezo kwa sababu inapendeza.

Wapi utafute, na wapi usiguse

Mahali pa kwanza ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Ngamiani na njia ya Pongwe. Hawa hutenganisha brasi, kopa na alminiamu kila siku, na ganda la fataki huingia kwenye gunia la brasi bila mtu kujua. Waachie picha ya kitako cha ganda tupu kwenye simu zao, na waambie wazi: kilichozibwa wasikichukue, wasikiponde na wasikitupe kwenye tanuri la kuyeyushia. Hilo pekee linaweza kuokoa maisha ya mtu.

Pili, mabaharia na mafundi wa bandarini wa zamani. Meli zilibeba fataki za dharura, na masanduku yake, vitabu vya maelekezo na vibao vya mbao vya kupangia risasi hubaki majumbani hata bastola ikishaondoka. Hivyo vyote ni vya kukusanya, na havihitaji leseni.

Tatu, familia. Hapa adabu ndiyo mtaji. Ukienda kwa bibi kizee wa Chumbageni au Muheza, shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai utakayopewa, uliza habari za marehemu mume wake na kazi aliyofanya. “Bibi, babu hiki alikipata wapi? Alikuwa akikitumia?” Jibu liandike kama alivyolisema. Bei isizungumzwe siku hiyo. Familia ikisema hakiuzwi, omba kupiga picha. Picha pamoja na maelezo ya bibi vina faida kwa historia kuliko kitu kilichonyamaza kabatini kwako.

Usichimbe. Raskazone, Jasini, kandokando ya reli ya Usambara na sehemu zote zilizopiganiwa zina vitu ardhini, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo. Vifaa vya kutafutia chuma vinakupeleka moja kwa moja kwenye risasi nzima. Na makaburi ya vita, ya Wahindi, ya Waafrika, ya Wajerumani na ya Waingereza, hayaguswi hata kwa fimbo.

Siku ya kununua

Nunua mchana, mbele ya shahidi, kwa hati ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho, maelezo ya kitu na alama zake zote, isainiwe serikali ya mtaa. Kitu chenye mtutu kisihamishwe mkono kabla polisi hawajakubali. Muuzaji akiogopa kuandika, na wewe ogopa kununua.

Hewa ya bahari

Tanga ni adui wa chuma. Chumvi huingia hadi kwenye droo, na masika ukuta wenyewe unatoka jasho.

Brasi isisuguliwe. Ndimu, ukwaju na jivu hung’arisha sinia la harusi, lakini kwenye ganda la zamani huondoa wino, rangi ya kitako na ile hudhurungi ya umri ambayo ndiyo ushahidi wake. Brasso nayo iache jikoni. Futa vumbi kwa brashi laini kavu, basi. Kutu ya kijani ikitokea ng’oa kwa kijiti cha mti, polepole, bila maji. Chuma kipakwe oili ya cherehani kwa kitambaa, utando mwembamba tu. Alminiamu na zinki zikitoa unga mweupe zitenge na nyingine.

Usihifadhi brasi ndani ya mkoba wake wa ngozi, hata kama mkoba ni wa asili na unapendeza. Ngozi na brasi vikikaa pamoja huzalisha ute wa kijani unaokula vyote viwili. Weka mkoba kando, ganda kando, kila kimoja ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Vikaushe au vibadilishe kila msimu unapogeuka, kaskazi kwenda kusi. Maganda ya karatasi yaepushe na mwanga wa jua na mende.

Daftari

Kila kitu kiwe na namba, isiyoandikwa juu ya kitu chenyewe bali kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba. Daftarini andika kipimo, madini, alama zote kama zilivyo hata usizozielewa, mahali kilipopatikana, nani alikuwa nacho, alisema nini, na nakala ya kibali iko wapi. Piga picha kitako, mdomo na ubavu, rula ikiwa pembeni.

Makumbusho ya Urithi Tanga, kwenye Boma la Mjerumani, ni mahali pazuri pa kupeleka nakala ya daftari hilo. Na kwenye wosia wako taja wazi nani apokee maganda, nani apokee vitabu, na kwamba chochote chenye mtutu kipelekwe polisi pamoja na karatasi zake. Mwonyeshe mrithi bahasha hiyo ilipo ukiwa bado hai, na mwambie jina la ofisa au dawati mlilokuwa mkishughulika nalo.